Bei ya kahawa ilivyowapa nguvu wenye siasa kali Rwanda

Mfanyabiashara wa Masukulu, wilayani Rungwe, anajua kuwa bei ya kahawa ikiporomoka, duka nalo hukosa wateja. Nchini Rwanda, anguko la namna hiyo liliwapa pia nguvu wanasiasa wenye msimamo mkali.

Julai 1989, mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika. Kwa muda mfupi bei katika soko la dunia ilishuka kwa karibu nusu. Rwanda ilitegemea kahawa kwa zaidi ya nusu ya fedha zake za kigeni. Oktoba 1990 vita vikaanza, na Novemba thamani ya faranga ikashushwa kwa asilimia 40. Bidhaa za dukani zilipanda bei. Kipato cha mkulima hakikufuata.

Vijana wasio na ardhi wala kazi wakawa mtaji wa siasa. Interahamwe, kundi la vijana la chama tawala cha MRND, liliwaandikisha. Chama cha CDR, kilichoanzishwa 1992, na redio ya RTLM, iliyoanza 1993, vikawaelekeza chuki kwa Watutsi. Mwaka 1994 watu wapatao 800,000 waliuawa katika siku zipatazo 100.

Hata hivyo, bei peke yake haiui. Anguko hilo hilo liliwakumba wakulima wa Rungwe na Kilimanjaro, lakini majirani hawakuuana. Rwanda walikuwapo viongozi waliogeuza hasara kuwa uhasama. Kwa hiyo, anayepima hatari za soko hana budi kuangalia bei, na kusikiliza pia ni nani anayelaumiwa inaposhuka.