Arabuni ya Yuda

Rebeka alidhani ni jambo la siku chache. Mwanawe Yakobo alikuwa amemdanganya baba asiyeona, akajifunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni ili akipapaswa adhaniwe ni Esau, pacha wake mwenye manyoya, akaondoka na baraka ya kifungua mimba. Esau akaapa kumuua. Mama akapanga haraka: kijana aende Harani kwa mjomba wake Labani, akae kidogo hadi hasira zipoe, kisha atatumiwa mtu wa kumrudisha. Siku hizo chache zikawa miaka 20. Kitabu cha Mwanzo hakisemi popote kwamba Rebeka alimtia tena mwanawe machoni.

Anayetafuta katika Mwanzo familia ya kutolea mfano siku ya harusi atahangaika. Kaini anamuua mdogo wake. Ibrahimu, kwa kuhofia roho yake, anawaambia wenyeji kwamba Sara ni dada yake, na si mara moja, mara mbili. Hajiri anafukuzwa na mtoto wake huku amebeba mkate na kiriba cha maji. Waandishi wa kale hawakuficha aibu hizi, na pengine ndiyo maana visa vyao havijachuja. Subira humo si pambo la watu wapole. Ni gharama ambayo mtu hulipa, mara nyingi bila kuulizwa, na wakati mwingine haimrudishii kitu. Na kujitoa kwa ajili ya mwingine, katika nyumba ya Yakobo, kulitoka kwa ndugu ambaye hakuna mwenye akili timamu angemkopesha hata mbuzi.

Yakobo alifika Harani mikono mitupu. Akampenda Raheli, binti mdogo wa Labani, lakini mahari hakuwa nayo, basi akajitolea kuchunga mifugo miaka 7. Tunaambiwa miaka hiyo aliiona kama siku kidogo tu, maneno yaleyale ya mama yake yakimrudia kwa njia nyingine. Waswahili husema subira huvuta heri. Subira ya Yakobo ilimvutia Lea. Asubuhi baada ya arusi aligundua kwamba bibi arusi aliyeletewa gizani ni dada mkubwa, na alipomjia juu mkwewe, alijibiwa kwamba katika nchi ile mdogo hatangulizwi mbele ya mkubwa. Maneno hayo aliambiwa mtu aliyemtangulia kaka yake! Labani huenda hakujua anachomwambia, msomaji anajua.

Wiki ya arusi ilipokwisha akapewa Raheli pia, kwa ahadi ya miaka mingine 7. Akaongeza 6 kwa ajili ya mifugo yake mwenyewe. Siku ya kuagana alimwaga malalamiko yote: mchana joto lilimla, usiku baridi, usingizi ulimkimbia, na ujira wake ulibadilishwa mara 10.

Lakini aliyesubiri zaidi katika nyumba hiyo ni Lea, na hakuna aliyemuuliza. Majina ya wanawe yanasomeka kama shajara. Reubeni: tazameni, mwana, sasa mume wangu atanipenda. Simeoni: Mungu amesikia kwamba sipendwi. Lawi: safari hii ataambatana nami. Kwa mtoto wa nne mume hatajwi tena. Anamwita Yuda, jina la kusifu, na kwa muda anaacha kuzaa. Kama alikuwa ametosheka au amekata tamaa, kitabu hakituambii.

Ndugu yake Raheli, aliyependwa bila kuzaa, alimpa Yakobo mjakazi wake Bilha ili apate watoto kupitia kwake. Msomaji wa leo hukunja uso, ila nyakati zile lilikuwa jambo la mkataba. Katika mabamba ya udongo ya Nuzi, karibu na Kirkuk nchini Iraki, yaliyofukuliwa kuanzia mwaka 1925, umo mkataba wa ndoa unaomtaka mke asiyezaa amtafutie mumewe mjakazi. Lea naye akamtoa Zilpa. Wake wanne, wana 12, binti mmoja aliyetajwa kwa jina, na baba anayempenda mmoja waziwazi: moto uliokuwa ukisubiri upepo.

Upepo ulikuwa kanzu. Yusufu, mwana wa kwanza wa Raheli, alikuwa na miaka 17 baba alipomshonea vazi ambalo wengine hulitafsiri kuwa refu na wengine la rangi nyingi. Ndugu zake walimkamata Dothani, wakamvua kanzu, wakamtupa shimoni, wakaketi kula. Msafara wa wafanyabiashara ulipotokea, Yuda ndiye aliyetoa wazo: kumuua kutatupa faida gani? Tumuuze. Bei ilikuwa vipande 20 vya fedha, kiasi kilekile ambacho kitabu cha Mambo ya Walawi kinampimia mwanamume wa kati ya miaka 5 na 20. Kisha wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu katika damu, wakampelekea baba na kumtaka aitambue. Yakobo aliyemdanganya baba yake kwa ngozi ya mbuzi akadanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi.

Hapa simulizi mbili zinaachana njia. Qurani, ambayo imekipa kisa hiki sura nzima ya 12 yenye aya 111, inamwonyesha Yakubu akishika subira njema tangu siku aliyoletewa kanzu, huku akishuku habari aliyopewa. Ndiyo subira inayosimuliwa madarasani kuanzia Lamu hadi Kilwa. Yakobo wa Mwanzo hana subira hiyo. Anararua nguo, anavaa gunia, anawakatalia wanawe wote wanaokuja kumliwaza.

Yuda akaondoka nyumbani. Mwanzo sura ya 38 inakatiza habari za Yusufu ghafla na kumfuata yeye, na wasomaji wengi huiruka kwa haya. Wasiiruke. Yuda alioa, akapata wana watatu, na wawili, Eri na Onani, wakafa mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa waume wa Tamari. Desturi ilimtaka ampe mjane huyo mwana wa tatu, Shela. Yuda akaogopa kumpoteza na huyo. Akamwambia Tamari akasubiri kwa baba yake hadi kijana akue, na hakukusudia kutimiza. Tamari alisubiri mpaka akajua amefanyiwa hila, akajifunika ushungi, akaketi kando ya njia ya Timna. Yuda akamdhania kahaba, wakapatana malipo ya mwana-mbuzi, na kwa kuwa hakuwa na mbuzi mkononi akaacha rehani: muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Miezi mitatu baadaye akaambiwa mkwewe ana mimba ya uzinzi, akaamuru achomwe moto. Tamari akampelekea vile vitu na kumtaka avitambue.

Ni neno lilelile walilomwambia Yakobo juu ya kanzu, na wafasiri wa Kiyahudi wa zamani waliligundua hilo. Yuda angeweza kukana. Akasema mwanamke huyu ana haki kuliko mimi.

Lugha nayo ina la kusema. Rehani aliyoiacha Yuda inaitwa kwa Kiebrania eravon, ndugu wa damu wa neno la Kiarabu lililotupa sisi arabuni. Fundi wa Kariakoo leo ataomba advansi, lakini arabuni haijatoka katika Biblia ya Kiswahili, kwenye barua za Paulo kwa Wakorintho na Waefeso: kile kinachotolewa mwanzo ili aliyeahidiwa asiwe na wasiwasi.

Njaa ilipoingia Kanaani, ndugu 10 wakashuka Misri kununua nafaka, bila kumtambua mkuu wa ghala aliyewauzia, ambaye ndiye Yusufu waliyemuuza. Alimzuia Simeoni na kuwaagiza wasirudi bila Benyamini, mtoto wa mwisho, ambaye Raheli alikufa akimzaa. Yakobo akagoma. Reubeni akajaribu kumtuliza: nisipomrudisha, uwaue wanangu wawili. Ni sadaka ya ajabu, kujitoa kwa maisha ya watoto, tena kwa kumwahidi babu wajukuu wa kuua. Yakobo hakumsikiliza. Kibaba kikaisha. Ndipo Yuda akasema: mimi ni mdhamini wake, umdai mkononi mwangu. Shina la neno hilo la udhamini ni lilelile la eravon. Zamani aliacha fimbo. Sasa aliacha nafsi yake. Na safari hii Yakobo alikubali, labda kwa sababu aliyekuwa akizungumza alikuwa amezika wawili na kumficha wa tatu.

Huko Misri kikombe cha fedha kikapatikana katika gunia la Benyamini, mahali alipokuwa amekitia Yusufu mwenyewe kwa siri. Hukumu: Benyamini abaki mtumwa, wengine waende kwa amani. Ilikuwa ni Dothani tena, safari hii bila hata ulazima wa kusema uongo. Yuda akasogea. Katika aya 17 za hotuba yake neno baba limetajwa mara 14. Mwishoni akaomba abaki yeye badala ya kijana, na hapo wahubiri wengi husimama.

Kuna sentensi kabla ya hapo inayouma zaidi. Yuda anamnukuu baba yake akisema kwamba mkewe alimzalia wana wawili. Wawili tu, wa Raheli. Mwana wa nne wa Lea anasimama mbele ya mgeni mwenye mamlaka na kuyarudia maneno yanayomfuta mama yake na yeye mwenyewe, wala halalamiki. Upendeleo uliomfanya amuuze ndugu mmoja haujakoma. Umehamia kwa mwingine. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaomba awe mtumwa ili baba aendelee kubaki na kipenzi chake.

Yusufu, mwenye miaka 39, miaka 22 baada ya shimo, hakuweza kujizuia. Alilia hadi watu wa nje wakasikia. Yakobo alipohamia Misri na nyumba yake yote, aliyemtuma mbele kumwonyesha njia ya Gosheni alikuwa Yuda.

Si kwamba kila kitu kilipona. Yakobo aliishi Misri miaka 17, sawa na aliyoishi na Yusufu kabla ya kumpoteza, na alipofariki ndugu walitetemeka upya, wakatuma ujumbe kwamba marehemu aliacha agizo wasamehewe. Yusufu akalia tena.

Wosia wa kweli wa mzee ulikuwa juu ya kaburi. Hakuomba azikwe na Raheli, aliyelala peke yake kando ya njia ya Bethlehemu. Alitaka pango la Makpela kule Hebroni, walipozikwa Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na ambako, alisema, alimzika Lea. Wanawe wakambeba kutoka Misri hadi huko. Yuda na ndugu zake wakamlaza baba yao kando ya Lea.