Kurudi kwenye lori: Mkono haujasahau, tatizo ni usingizi

Wiki za karibuni maswali ya wasomaji kutoka Musoma, Bunda na Butiama yamekuwa yakizunguka jambo moja. Mmoja aliacha lori akaingia kwenye uvuvi, sasa ziwa halimlipi. Mwingine alihamia kwenye machimbo ya Buhemba, mwingine akarudi shambani baada ya gari la tajiri wake kuuzwa. Leo wote wamepata kazi tena, ama ya Fuso la kubeba dagaa, ama ya semi ya kwenda Sirari. Leseni ya daraja E imehuishwa, tajiri anataka jibu, na swali linakuja kwa maneno yanayofanana: nimekaa nje miaka kumi, mwili utaikubali hii kazi?

Jibu fupi ni kwamba mikono na miguu itaikubali mapema sana, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Dreva akiona anapanga gia bila kuangalia, anarudisha trela kinyumenyume na kuipaki palepale alipokusudia, anaamini amerudi mzima. Kumbe kilichorudi ni sehemu moja tu ya ubongo. Usingizi wake na macho yake havikuwa vinamsubiri kwenye kabini.

Tuanze na hicho kinachorudi. Ujuzi wa mkono hauhifadhiwi pamoja na majina ya watu na tarehe za harusi. Ushahidi maarufu ulitoka kwa Mmarekani Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa, akaamka hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomvuruga mtu yeyote anapoijaribu kwa mara ya kwanza. Molaison aliboreka siku hadi siku, na kila siku aliapa kwamba hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulijifunza, mwenyewe hakujua. Ujuzi wa namna hiyo hukaa ndani kabisa ya ubongo na kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, na haufutiki kirahisi hata ukikaa bila kutumika miaka mingi.

Ila kile kisichofutika kina ubaya wake. Ukitulia, unaendesha gari ulilonalo. Ukishtuka, mguu unaendesha gari la zamani. Dreva aliyekulia kwenye gia za mkono akipewa lori la kisasa la gia za kujiendesha, siku ng'ombe anaporuka barabarani pale Kiabakari mguu wake wa kushoto utaruka kutafuta klachi, na kwenye gari lisilo na klachi unaweza kutua juu ya breki. Dawa yake ni mazoezi ya mchana, bila mzigo, hadi mguu uelewe.

Sasa usingizi. Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu bila kuelewa kinachotokea kichwani utaendelea kudanganywa na kila anayeuza kitu stendi.

Kila seli ya ubongo inapofanya kazi huchoma nishati, na katika kuichoma hubaki kemikali iitwayo adenosini. Tangu unapoamka, adenosini inarundikana saa baada ya saa. Juu ya seli kuna vipokezi vyake, na adenosini huingia humo kama ufunguo kwenye kufuli: ukizunguka, seli inapunguza kasi. Kadiri funguo zinavyozidi ndivyo seli nyingi zinavyopoa, nawe unaanza kupiga miayo, shingo inalegea, na alama ya barabarani unaisoma baada ya kuipita. Adenosini hiyo hushuka ukilala. Ukiwa macho inaongezeka tu, upende usipende.

Kafeini ya kahawa, na ya vinywaji vya kuongeza nguvu, ina umbo linalokaribiana na la adenosini. Inaingia kwenye kufuli ileile lakini haizunguki. Inaziba tundu tu. Adenosini yote iliyorundikana bado ipo nje inasubiri, na inaendelea kuongezeka. Kafeini huchukua kama nusu saa kufanya kazi vizuri, kisha nusu yake huondoka mwilini kwa takribani saa tano, ingawa watu hutofautiana. Ikiondoka, adenosini inaingia kwa mkupuo. Ndiyo maana dreva aliyejiona yuko imara Lamadi anaweza kusinzia Magu, huku akishangaa kwamba alikunywa makopo mawili.

Juu ya adenosini kuna saa ya mwili, kundi dogo la seli ndani ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapokutana. Saa hiyo hupangwa na mwanga, na huushusha mwili mara mbili kwa siku: kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, na tena kwa kiasi kidogo mchana, kuanzia saa 8 hadi saa 10. Mtu aliyelima miaka kumi na kulala saa 3 usiku, saa yake imekaa hapo. Haisogei kwa amri ya tajiri.

Wavuvi wa dagaa wameniandikia kwamba wao usiku si kitu kwao. Ni kweli wanakesha ziwani na taa zao, lakini wanakesha mwezi ukiwa gizani na kupumzika mwezi unapong'aa, kwa hiyo saa ya mwili haijawahi kuhamia usiku moja kwa moja. Isitoshe, kwenye mtumbwi unavuta nyavu, unalowa, unapigiwa kelele na wenzako. Kwenye kabini umekaa, kuna joto, injini inanguruma kwa sauti moja, utingo naye kashalala. Hayo ni mazingira mawili tofauti kabisa.

Hebu tupige hesabu ya siku ya kawaida. Dreva ameamka saa 11 alfajiri, akasimamia upakiaji mwaloni mchana kutwa, akawasha gari saa 4 usiku kwenda Mwanza. Kabla hajatoka Musoma ana saa 17 yuko macho. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za mkono na jicho kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu kugusa usukani. Huyu dreva hajaonja hata tone, na kipimo cha trafiki kitasoma sifuri.

Kisha kinakuja kile ambacho madereva wenyewe huita kupotea: sekunde chache ambazo ubongo unalala na macho pengine yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde nne ni karibu mita 90 za lami bila dreva. Hakuna alama ya breki itakayoonekana pale, maana hakukuwa na mtu wa kuikanyaga.

Ninayoyasikia kila siku sasa. La kwanza: "Usingizi ni mazoea, mwili unazoea saa chache." Hauzoei. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake huko Marekani waliwalaza watu saa sita kwa usiku, kwa wiki mbili mfululizo. Mwishoni walikuwa wanakosea kama watu waliokesha usiku mzima, na kibaya zaidi walipoulizwa walisema wana usingizi kidogo tu. Kinachozoea ni hisia ya kuchoka. Uwezo unaendelea kuporomoka kimyakimya. Kwa hiyo dreva anayesema "najijua mwenyewe" anategemea kipimo ambacho kimeshaharibika.

La pili: kufungua dirisha na kupandisha muziki. Reyner na Horne wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilijaribu hilo mwaka 1998 na madereva wenye usingizi. Faida waliyoiona ni ndogo na ya muda mfupi, inayotosha kutafuta mahali pa kusimama. Kutafuna miwa, karanga au bablishi ni ukoo uleule.

La tatu ni mirungi, na hapa nitasema wazi kwa sababu inavuka mpaka wa Sirari kila uchao ingawa nchini mwetu ni haramu. Ndani yake kuna kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini. Inalazimisha ubongo kumwaga dopamini, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, dreva anajisikia simba. Adenosini haijapungua hata chembe. Kathinoni ikiisha, deni lote linadaiwa kwa pamoja, mara nyingi karibu na alfajiri, saa ambayo saa ya mwili nayo inamvuta chini. Aliyetafuna akiwa na miaka 28 akarudia akiwa na 50 ameongeza jambo jingine: moyo na mishipa ya damu si ile.

La nne: "Kukoroma ni dalili ya usingizi mtamu." Kukoroma kwa nguvu kunakokatika ghafla, kukafuata kimya, kisha mtu akashtuka kama aliyekabwa, ni koo linaloziba. Misuli yake inalegea, hewa inakatika, ubongo unamwamsha nusu ili apumue, na hilo linaweza kurudia mara nyingi kila saa bila mwenyewe kukumbuka. Anaamka asubuhi akiwa amelala saa nane na hajapumzika. Waliojaza mwili na shingo katika miaka waliyokaa nje ndio walengwa wakubwa. Usijiulize wewe, muulize mama watoto.

Macho nayo yana kesi yake. Kadiri umri unavyokwenda mboni hupungua ukubwa wake gizani na lenzi huingia unjano. Kwenye miaka 60 mwanga unaofika kwenye retina ni kama theluthi moja ya ule aliokuwa akiupata akiwa na 20. Taa kali za gari linalokuja hutawanyika ndani ya lenzi, na jicho huchelewa kurudi kuona. Kipande cha kati ya Bunda na Lamadi kinapakana na Hifadhi ya Serengeti, na usiku hukutana na nyumbu, fisi, ng'ombe wa watu na bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Kusoma herufi ukutani saa 5 asubuhi hakupimi hayo. Glakoma ndiyo janja zaidi, maana huanza kula pembeni bila maumivu, na mwenyewe anaona mbele vizuri tu hadi imechelewa.

Basi kuna bwana wa kipaza sauti mnadani anayedai chupa moja ya matone inatibu mtoto wa jicho, presha ya macho na "ukungu wa madereva". Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu; hutolewa kwa upasuaji na huwekwa lenzi nyingine. Hakuna tone linaloyeyusha. Matone ya majani, asali na mengine nisiyopenda kuyataja huleta vidonda kwenye kioo cha jicho, na kovu la kidonda hicho ndilo litakalokuzuia kuendesha maisha yako yote. Karoti humsaidia aliyepungukiwa na vitamini A. Wewe unayekula sangara na mchicha huna haja ya gunia la karoti.

Ya kufanya, haraka haraka. Kabla ya kumjibu tajiri, pima presha, sukari na macho yote mawili, pamoja na presha ya ndani ya jicho, kwenye hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mwambie daktari kwamba unaendesha lori. Kuna dawa za mafua, mzio na presha zinazoleta usingizi. Mwenye kisukari anayetumia insulini asisafiri bila kula. Anayekoroma kwa kukatika amwone daktari wa masikio, pua na koo. Wiki za kwanza chukua safari fupi za mchana, Musoma hadi Bunda au Makutano hadi Butiama, ukiwa na dreva anayelijua gari. Upakiaji uwe wa mwingine, wewe ulale saa saba kabla ya safari ya usiku. Ukihisi usingizi, paki mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20. Utaamka kafeini ikianza kazi na adenosini imepungua kidogo. Kama unaweza, usiwe barabarani kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri. Tajiri anayepanga safari ya kufika sokoni alfajiri kwa dreva mmoja aliyepakia mchana hajapanga safari, amepanga ajali.

Limebaki swali moja ambalo limeulizwa kuliko yote, kwa sauti ya chini: je, joto la injini linamaliza nguvu za kiume? Kukaa muda mrefu kwenye joto kunaweza kupunguza mbegu, lakini nguvu ni habari ya mishipa ya damu, na wanaoiharibu sana ni presha, kisukari na sigara. Vipimo vya mbili za kwanza nimekwishakutuma ukavifanye, na ya tatu unaijua mwenyewe. Mwenye chupa ya mizizi pale stendi hajampima mtu yeyote.