Mwisho wa wiki wa wanaosubiri mtoto

Ujauzito huhesabiwa kwa wiki 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa mume na mke wanaofanya kazi Dar es Salaam, sehemu kubwa ya wiki hizo humezwa na kazi na foleni. Anayeishi Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto hutoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Jumamosi na Jumapili ndizo siku ambazo mume hukaa na mkewe mchana kutwa, akaona anakula nini, anachoka saa ngapi na kama miguu yake imevimba. Ndiyo maana matembezi ya siku hizo mbili si starehe tupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha. Baba hupewa siku 3, nazo azitumie ndani ya siku 7 za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Siku 3 ni chache mno kwa mtu anayeanza kujifunza ulezi, kwa hiyo baba mwenye nia huanza masomo yake mimba ingali tumboni.

Bado zipo familia zinazotaka mjamzito atulie ndani hadi ajifungue. Kwa mwenye kutokwa na damu, mwenye shinikizo la damu lililopanda au aliyeshauriwa na daktari apumzike, agizo hilo lina maana. Kwa mjamzito mwenye afya halina. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki wakati wa ujauzito, na kutembea kwa miguu ndiyo njia rahisi kuliko zote. Kutembea hupunguza hatari ya kisukari cha mimba, hupunguza maumivu ya mgongo, huleta usingizi na kutuliza moyo. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: akiweza kuongea na mwenzake bila kukatika pumzi, mwendo unafaa.

Safari yoyote inapopangwa, mambo matatu ndiyo yaamue: umri wa mimba, chombo cha usafiri, na umbali wa kufika hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mara nyingi wenza huulizana tu kama nauli inatosha, hayo mengine wakayakumbuka wakiwa njiani.

Miezi mitatu ya kwanza ni ya kichefuchefu. Harufu ya mafuta ya kukaangia, manukato ya abiria mwenzake au moshi wa daladala vyaweza kumtapisha mama papo hapo. Wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 14 na ya 16. Hadi hapo, matembezi yawe mafupi na karibu na nyumbani, na mkobani kuwe na biskuti kavu na maji ya kunywa kidogo kidogo. Chai ya tangawizi huwasaidia baadhi. Mama akitapika kila anachokula na kunywa, akapungua uzito na mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, hicho si kichefuchefu cha kawaida cha kuvumilia. Ni ugonjwa unaohitaji dripu hospitalini. Joto kali la mwili nalo lina madhara katika wiki hizi za mwanzo, wakati ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vinajengeka, kwa hiyo saa za jua la utosi zikwepwe, na homa itibiwe mapema.

Kuanzia wiki ya 14 hadi ya 27 hali huwa nzuri zaidi. Hamu ya kula hurudi, nguvu hurudi, na tumbo halijawa zito. Kati ya wiki ya 18 na ya 20 mama wa uzao wa kwanza huanza kusikia mtoto anacheza; aliyewahi kuzaa huweza kusikia mapema zaidi. Safari ya mbali ikiwa ni lazima, ipangwe katika kipindi hiki. Wanaopenda bahari wana Coco Beach na fukwe za Kigamboni. Wanaopenda utulivu wana Bagamoyo na magofu ya Kaole, na wanaotaka ubaridi wana Morogoro chini ya milima ya Uluguru. Bagamoyo na Morogoro mjini zina hospitali za serikali, na hilo huzifanya zifae kuliko kisiwa kinachofikiwa kwa boti ndogo pekee. Kuelea na kuogelea katika maji matulivu hupumzisha mgongo uliochoka kubeba. Kuzamia kwa mtungi wa hewa ni marufuku wakati wote wa ujauzito, kwa sababu viputo vya gesi vinavyotokea mzamiaji anapopanda juu vyaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hata kama mama mwenyewe hakupata shida.

Chombo cha usafiri kinastahili mjadala mrefu, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko vyakula na mizimu yote inayoogopwa. Bodaboda ni nafuu na hupita kwenye foleni, lakini mjamzito huketi upande, hana cha kumshika akianguka, na mara nyingi hana kofia. Pigo la tumboni huweza kubandua kondo la nyuma kutoka kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na damu ikavuja kwa ndani bila mtu kuiona. Ajali ndogo iliyomwacha mama bila mchubuko yatosha kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Bajaji ni bora kuliko bodaboda. Basi la mwendokasi lenye kiti ni bora kuliko vyote viwili. Daladala iliyojaa si mahali pa kusimama na mimba ya miezi saba. Abiria wa Dar hawana ugumu wa kumpisha mjamzito, ila mara nyingi hawamwoni katika msongamano. Mume na aseme kwa adabu: “Samahani ndugu zangu, naomba kiti, mke wangu ni mjamzito.”

Katika gari dogo mkanda hufungwa, wala haumbani mtoto. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Sehemu ya juu ipite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Mkanda uliopita juu ya tumbo lenyewe ndio unaoumiza gari likifunga breki.

Kukaa muda mrefu miguu ikining’inia husababisha damu kuganda kwenye mishipa, na ujauzito wenyewe tayari huongeza tabia ya damu kuganda. Kila baada ya saa mbili mama asimame na atembee. Hapa ndipo treni ya umeme inapopata ubora wake. Tangu ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kisha kufika Dodoma mwaka huohuo, mjamzito ameweza kusafiri akiwa na choo ndani ya behewa na nafasi ya kunyoosha miguu. Kwenye basi la mikoani hulazimika kusubiri hadi dereva asimamishe ili watu wachimbe dawa, na wengi huacha kunywa maji ili kukwepa aibu hiyo. Ni uamuzi mbaya. Kukosa maji huleta kizunguzungu na huweza kuamsha mikazo ya mfuko wa uzazi kabla ya wakati, na kubana mkojo kwa muda mrefu hurahisisha maambukizi ya njia ya mkojo. Ni heri mume azungumze na kondakta kabla basi halijaondoka.

Boti za kwenda Unguja huchukua karibu saa mbili. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa, na mwenye kichefuchefu atateseka. Kwa ndege, mashirika mengi humruhusu mwenye mimba ya mtoto mmoja hadi wiki ya 36, na huanza kudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28. Mwenye mapacha huzuiwa mapema zaidi.

Chakula cha matembezini hakina haja ya kuogopwa, kinahitaji kuchaguliwa. Mihogo ya kukaanga iliyotoka jikoni ikiwa ya moto haina tatizo. Kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana ndiyo yenye mashaka. Mishkaki iive hadi ndani pasibaki wekundu, kwani nyama mbichi hubeba vimelea vinavyoweza kumfikia mtoto. Maziwa yachemshwe. Samaki ni chakula bora kwa ubongo wa mtoto, na dagaa ni hazina ya bei nafuu; wanaopaswa kupunguzwa ni samaki wakubwa wanaowinda wenzao, kama papa, kwa kuwa zebaki hujikusanya katika nyama yao. Dafu lililofunguliwa mbele ya mnunuzi ni kinywaji salama kwa wengi. Pombe haina kiasi kilichothibitishwa kuwa salama, na mume anayeiacha kwa miezi hiyo humrahisishia mkewe sana.

Udongo wa kula, unaouzwa sokoni kwa vipande, unahitaji neno la pekee. Hamu yake mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, yaani hemoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita katika kipimo cha kliniki. Udongo hautibu upungufu huo. Huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na waweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Mama anayetamani udongo asichekwe wala asigombezwe. Apimwe damu, na anywe vidonge vyake vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Chai ya rangi inywewe mbali na mlo, kwa kuwa nayo huzuia chuma. Chungwa au maji ya ndimu husaidia kukifyonza.

Wakilala nje ya nyumbani, gesti iwe na chandarua kisichotoboka. Malaria kwa mjamzito hukaa kwenye kondo la nyuma, humpunguzia mtoto uzito na humpunguzia mama damu. Dawa ya kinga ya SP hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, kwa kupishana angalau mwezi mmoja, na lengo ni kupata dozi 3 au zaidi kabla ya kujifungua. Dozi isirukwe kwa sababu ya safari.

Si kila mwisho wa wiki ni wa kutoka. Jumamosi ni siku ya kufua na kusafisha nyumba, na kuinama kwenye beseni au kubeba ndoo za maji ni kazi nzito kwa mwenye mimba kubwa. Kazi hizo ni za mume, au za mtu atakayemlipa. Usiku, kuanzia wiki ya 28, mama alale kwa ubavu; akilala chali, uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto katika mimba isiyo na matatizo. Huachwa ikiwa kuna damu inayotoka, chupa imepasuka, au kondo limeziba njia ya uzazi.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mahudhurio ya kliniki yasiyopungua 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kuisha. Mume ahudhurie walau la kwanza, maana wenza hupimwa pamoja VVU na kaswende, na majibu ya mmoja hayatoshi kumlinda mtoto. Kadi ya kliniki isibaki kabatini wanapotoka. Mkunga asiyemjua mama husoma kundi la damu, shinikizo na historia yake humo kwa dakika moja.

Kuna safari moja isiyo ya starehe ambayo familia nyingi huifanya: kumpeleka binti mwenye mimba ya kwanza akajifungulie kwa mama yake. Ni desturi yenye upendo, na mzazi mpya hupata mikono ya kumsaidia. Kosa lake ni kuchelewa. Kumpandisha mjamzito wa miezi tisa kwenye basi la Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 500, ni kuomba uchungu uanzie barabarani. Aende kabla ya wiki ya 34, ajiandikishe kliniki ya huko mara tu afikapo, na iulizwe mapema hospitali ipi ya karibu inafanya upasuaji na ina damu ya akiba. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha au mwenye shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla ya tiketi kukatwa.

Kuanzia wiki ya 36 matembezi yawe ya mtaani. Popote walipo, wenza wanaondoka kwenda hospitali bila kungoja Jumatatu wakiona damu ukeni, maji yanayochuruzika, homa, degedege, kupumua kwa shida, maumivu makali ya tumbo, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono iliyovimba ghafla, au mtoto aliyepunguza kucheza. Uchungu mwingi huanza usiku, saa ambazo daladala hazipo. Dereva wa kuaminika azungumzwe naye mapema, nauli iwekwe pembeni, na namba yake iwe kwenye simu ya mume na ya mke.