Kompyuta ya kujiundia: Wapi pa kubana, wapi pa kutoa

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI mwenye fedha kidogo anayetaka kujiundia kompyuta ya mezani, kwa hesabu za duka na masomo ya watoto, anaweza kuokoa fedha nyingi endapo ataandika orodha yake kabla ya kuingia sokoni. Wengi hula hasara kwa kukimbilia punguzo la bei la kifaa kimoja kimoja, kisha wakafika nyumbani na kukuta vifaa havikubaliani.

Cha kwanza kuamua ni prosesa, kwa kuwa ndiyo inayochagua madabodi na aina ya RAM. Mfano mzuri ni Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, iliyoingia madukani mwaka 2021. Ina viini 6 na sehemu ya kuonyesha picha imo ndani yake, hivyo kadi ya picha haihitajiki. Kinyume chake, Core i3-12100F ya Intel haina sehemu hiyo. Aliyevutwa na bei yake bila kujua maana ya herufi F atalazimika kurudi dukani kununua kadi, na fedha aliyodhani ameiokoa itaishia hapo.

Prosesa ya 5600G hukaa kwenye soketi ya AM4 na hutumia RAM ya DDR4. Kijiti cha DDR5 hakiingii humo hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Madabodi ya daraja la A520 inatosha. Anayeuziwa B450, aina iliyotoka mwaka 2018, aulize kwanza kama BIOS yake imesasishwa, vinginevyo huenda isiitambue prosesa hiyo.

RAM ndiyo iliyotikisa soko. Miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei zilipanda kwa kasi, baada ya watengenezaji kuelekeza uzalishaji kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba. Desemba mwaka huo, Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na biashara ya RAM na SSD za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Mwenye uwezo achukue GB 16 kwa vijiti viwili vya GB 8, kwani sehemu ya picha hukopa RAM hiyo hiyo na vijiti viwili huiongezea kasi. Aliyebanwa aanze na kijiti kimoja, aache nafasi ya pili kwa siku za neema.

Kwa kuhifadhi kazi, SSD ya GB 500 ina manufaa zaidi kuliko hadi diski kubwa lakini nzito kufunguka.

Wapo wanaoona heri wanunue kompyuta ya ofisini iliyotumika. Si vibaya, ila wakague umri wa prosesa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Mashine ya kizazi cha 6 ina sababu ya kuwa rahisi. Inamfaa aliye tayari kutumia Linux, ambayo hailipiwi.

Pasipofaa kubana ni pawa saplai. Kompyuta ya aina hii hutosheka na wati 400 za kweli. Boksi jepesi lisilo na jina, lililobandikwa wati 700, ni karatasi tu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kifaa hicho kinaweza kuunguza madabodi pamoja na SSD yenye daftari lote la wadeni wako.

Mwisho, tenga fedha ya skrini, kibodi na UPS ndogo, vitu ambavyo wengi huvisahau. Dai risiti, andika namba ya kila kifaa, na uliza muda wa waranti kabla ya kutoa fedha.