Unapenda sayari na umelelewa Moiben? Kazi ipo

KIJANA wa Moiben, ukisema nyumbani unataka kusomea sayari, majibu unayajua. Eti ukimbie kama wenzako ama ulime mahindi. Na mzazi aliyeuza magunia ili ulipiwe karo ana haki ya kuuliza: kwani hiyo kazi iko wapi?

Basi tuanze na kazi yenyewe. Mtaalamu wa sayari hashindi usiku kucha akichungulia darubini. Muda mwingi yuko kwenye kompyuta akichambua picha na vipimo vilivyotumwa na vyombo vya angani, ama yuko maabara akipima mawe. Kimondo kilipoanguka karibu na Thika Julai 2011, vipande vyake vilikuwa mali kwa watu wa fani hii. Mawe kama hayo ni mabaki ya enzi sayari zilipoumbwa, miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita.

Nawe mawe unayo. Uwanda wa Uasin Gishu umetandazwa miamba ya volkano. Mirihi nayo ina volkano, mojawapo ikiwa Olympus Mons yenye kimo cha kilomita 22 hivi. Ukijua kusoma mwamba wa hapa, umeanza kusoma wa kule. Data nyingi za NASA kuhusu sayari ni za bure. Unachohitaji ni intaneti, hisabati na subira.

Sasa mshahara. Tusidanganyane: nafasi za utafiti pekee humu nchini ni chache. Ndiyo maana nataka uangalie njia aliyopita Mkenya Susan Murabana. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya uchumi. Alianza kwa kujitolea kufundisha sayansi shuleni, kisha akapata uzamili wa astronomia kutoka Chuo Kikuu cha James Cook, Australia. Mwaka 2014, yeye na mumewe Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope, wakabeba darubini hadi shule za mashambani. Kwake, kufundisha ndiyo kazi yenyewe.

Wewe ufanyeje? Ukiwa sekondari, ng'ang'ana na hisabati na fizikia, na jiografia isikupite. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia. Fizikia ya Chuo Kikuu cha Eldoret, hapo Chepkoilel, pia ni mlango. Jifunze kuandika programu za kompyuta mapema.

Giza la Moiben nalo ni mtaji. Uko karibu na ikweta, kwa hivyo waona nyota za kaskazini na za kusini pia, jambo ambalo mtu wa London hawezi. Jupita ikitokea, azima darubini ya mkononi na uiegemeze kwenye ua isitikisike. Utaona nukta pembeni, hadi nne: ni miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Halafu muite mdogo wako, umweleze anachokiona. Akielewa, ujue nusu ya kazi hii unaiweza tayari.