Kioo Kisichoelewana na Kompyuta

Katika mkoa wa Singida, mkoa wa alizeti na vumbi la kiangazi, kompyuta nyingi zitumiwazo shuleni zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kumfikia mwanafunzi. Kioo hutoka ofisi hii, sanduku la mitambo hutoka ofisi ile, na kebo hupatikana sokoni. Haishangazi basi kwamba siku ya kuviunganisha, picha hutokea imetanuka, au herufi huwa kubwa kupita kiasi, au kioo huwa cheusi kabisa. Aghalabu chombo hicho huandikiwa ubovu na kupelekwa stoo, na wanafunzi watano hulazimika kubanana mbele ya kompyuta moja. Lakini mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kioo na kompyuta havikuelewana tu, na kwa mashine zinazoendeshwa na Linux mwalimu mwenye subira anaweza kuvipatanisha bila gharama.

Picha ni mkusanyiko wa nukta

Ua la alizeti likitazamwa kwa mbali huonekana duara moja. Likisogelewa huonekana mbegu moja moja. Picha ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli, zilizopangwa kwa safu. Kioo chenye nukta 1600 kwa upana na 900 kwa kimo kina jumla ya nukta 1,440,000. Kompyuta ikituma picha ya nukta 1024 kwa 768, jumla yake ni 786,432 tu. Kioo hulazimika kuzitandaza nukta chache mahali pa nyingi, na herufi huwa na ukungu.

Hasara ya pili ni ya umbo. Picha ya 1024 kwa 768 ina uwiano wa 4 kwa 3, hali kioo cha 1600 kwa 900 kina uwiano wa 16 kwa 9. Picha hiyo ikivutwa ijaze kioo chote, upana huongezeka kwa theluthi moja ukilinganishwa na kimo. Duara alilolichora mwalimu wa hisabati huwa duaradufu, na mraba huwa mstatili. Mwanafunzi anayejifunza jiometri kwa kioo cha namna hiyo hufundishwa uongo na chombo chenyewe.

Barua ya utambulisho

Mgeni aingiapo kijijini hupita kwanza ofisi ya kijiji na barua yake. Kioo nacho huwa na barua ya namna hiyo, iliyohifadhiwa ndani yake tangu kiwandani. Utaratibu huo, uitwao EDID, uliwekwa mwaka 1994, na sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu. Humo huelezwa kiwanda kilichokitengeneza kioo, ukubwa wake, na wingi wa nukta kinaoupendelea.

Katika plagi ya VGA yenye nafasi 15 za pini, barua hupita katika pini ya 12 na ya 15. Pini hizo zikipinda, au kebo ikiwa duni, rangi huendelea kupita lakini barua haifiki. Linux, isipomjua mgeni wake, huchagua ukubwa wa tahadhari, mathalani 1024 kwa 768. Hiyo ndiyo sababu kubadilisha kebo peke yake huweza kumaliza tatizo zima. Ieleweke kwamba pini ya 9 haipo katika kebo nyingi tangu kiwandani. Kukosekana kwake si dalili ya ubovu.

Hatua za kufuata

Kanuni ya maabara itumike hapa pia: libadilishwe jambo moja kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe daftarini.

Kwanza, umeme uzimwe, vumbi lipanguswe, plagi zikazwe. Kioo kijaribiwe kwa kebo nyingine, kisha kwa kompyuta nyingine. Vioo vya zamani, vile viitwavyo vya chogo, visifunguliwe kamwe: ndani yake mna umeme wa maelfu ya volti, ambao huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa.

Pili, ufunguliwe ukurasa wa mipangilio ya kioo, na ukubwa unaofaa uchaguliwe. Mifumo mingi husubiri sekunde chache ithibitishiwe. Isipojibiwa hurudi hali ya awali. Kwa hiyo kioo kikiwa cheusi ghafula, isiguswe kibodi. Dawa ni kungoja.

Tatu, ukubwa unaotakiwa ukikosekana katika orodha, ifunguliwe programu ya kuandikia amri na kuandikwa neno xrandr. Orodha itakayotokea huonyesha jina la tundu la kioo, mathalani VGA-1. Alama ya nyota huonyesha ukubwa unaotumika, na alama ya kujumlisha huonyesha ule unaopendelewa. Kisha iandikwe amri cvt 1600 900 60. Jibu lake huwa na tarakimu zitakazotumiwa katika amri tatu zifuatazo:

xrandr --newmode "1600x900_60.00" 118.25 1600 1696 1856 2112 900 903 908 934 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1600x900_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1600x900_60.00"

Tarakimu hizo si uganga. Safu hupewa muda wa nukta 2112 ingawa zinazoonekana ni 1600, na mistari huhesabiwa 934 ingawa inayoonekana ni 900. Ziada hiyo ni urithi wa vioo vya chogo, ambavyo mwale wake ulihitaji nafasi ya kurudi mwanzo wa mstari. Zidisha 2112 kwa 934: ni 1,972,608. Nukta 118,250,000 kwa sekunde zikigawanywa kwa hesabu hiyo, hupatikana picha 59.95 kwa sekunde, karibu 60 kama ilivyoombwa. Kompyuta ikizidisha kasi kuliko uwezo wa kioo, kioo hukataa na kuandika kwamba ishara imevuka kiwango chake.

Mabadiliko hayo hupotea mashine ikizimwa. Ili yadumu, amri zote tatu huandikwa katika faili iitwayo .xprofile ndani ya folda ya mtumiaji. Amri hizi ni za mfumo wa X, ulioanza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Mifumo mipya mingi hutumia Wayland, ambamo amri hizi hazibadilishi kioo. Hapo mipangilio ya kawaida ndiyo itumikayo.

Nne, kioo kikiwa cheusi tangu kuwashwa, katika orodha ya kuanzia ibonyezwe herufi e, neno nomodeset liongezwe mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha zibonyezwe Ctrl na X pamoja. Hilo ni gongo la kutembelea tu, si tiba. Huwezesha mashine kuwaka ili programu sahihi ya kadi ya picha iwekwe.

Faida yake

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, haifichi utendaji wake. Mwaka 2004 uwazi wa namna hiyo uliwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi katika Kiswahili. Kwa shule yenye mashine chache, uwazi huo una maana moja zaidi: kabla kioo hakijapelekwa stoo, kinaweza kuulizwa, nacho kikajibu.

Zoezi. Chora duara katika kompyuta ya shule, kisha pima kwa rula upana na kimo chake juu ya kioo. Vikitofautiana, gawanya upana kwa kimo, na utafute ni ukubwa upi wa picha uliochaguliwa kimakosa.