Kabla hujachimba bwawa karibu na machimbo, ijue zebaki

Leo naongea zaidi na vijana wa Geita, Kahama na Chunya, kule ambako mabwawa ya samaki na machimbo ya dhahabu yanagawana bonde moja.

Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Nyingine huchomwa ikaenda hewani na kurudi na mvua, nyingine hubaki kwenye marudio na kusombwa hadi mtoni. Ikitua kwenye tope lisilo na hewa ya kutosha, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, na hii ndiyo mbaya. Vijimea vya majini huinyonya, wadudu wanavila, samaki wadogo wanawala wadudu, wakubwa wanawala wadogo. Kila hatua sumu inazidi kujilimbikiza. Ndiyo maana sangara mkubwa hubeba zebaki nyingi kuliko dagaa wa ziwa hilo hilo.

Sasa liangalie bwawa lako: maji yametulia, chini kuna tope, hewa kidogo. Ukilichimba juu ya marudio ya zamani, au mafuriko kutoka kwenye karasha yakaingia, umeiandalia zebaki mahali pa kugeukia. Sato ana nafuu kidogo kwa sababu hali samaki wenzake na unamvua mapema. Kambale ni kesi nyingine. Yule anapekua tope na anameza wenzake.

Kuna wanaosema samaki akikaangwa vizuri sumu inaisha. Siyo kweli. Methilizebaki imeshikamana na protini ya nyama yenyewe, kwa hiyo kukaanga, kubanika au kutoa ngozi hakusaidii. Wala hutamtambua kwa macho au harufu.

Pale Minamata, Japani, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, watu waliokula samaki walipata ganzi mikononi na miguuni, wakayumba wakitembea, macho na usemi vikaathirika. Kilichoumiza zaidi ni akina mama walioonekana wazima kujifungua watoto wenye ubongo ulioharibika, maana sumu hii hupita kondo la nyuma. Ikishaingia mwilini, huchukua takriban siku 50 hadi 70 kupungua kwa nusu tu.

Simaanishi tuache samaki, jamani. Mke wako akiwa mjamzito, ale dagaa na sato, apunguze samaki wakubwa wanaokula wenzao.

Kuhusu kupima: usipeleke chupa ya maji peke yake. Maji yanaweza kuonekana safi huku zebaki imelala chini. Chukua tope la sehemu kadhaa, na kama bwawa tayari lina samaki, ongeza samaki wakubwa wachache. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza, waulize utaratibu na gharama kabla ya kusafirisha. Kiwango kinachotumika sana kwa nyama ya samaki ni miligramu 0.5 kwa kilo. Na kama eneo bado hujalinunua, waulize wazee wa pale zamani palikuwa na nini.